Korosho si adui wa moyo, tatizo ni chumvi na kipimo

Korosho ni miongoni mwa vyakula vya kwanza kuondolewa mezani pale mkazi wa mjini anapoambiwa na daktari apunguze mafuta. Sababu inayotolewa ni nyepesi. Mtu akiishika korosho iliyokaangwa huona mafuta yakimetameta vidoleni, na mafuta, kwa watu wengi, ni jina jingine la maradhi ya moyo. Hukumu hiyo inastahili kupitiwa upya, kwa kuwa matokeo ya utafiti wa miaka ya karibuni hayaiungi mkono, ingawa pia hayampi mlaji ruhusa ya kumaliza pakiti nzima akiwa kwenye foleni ya magari.

Mkorosho asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazil, na uliletwa na Wareno katika pwani za India na Afrika Mashariki katika karne ya 16. Neno kanju, ambalo baadhi ya Waswahili hulitumia kwa bibo, ni kumbukumbu ya safari hiyo, maana Wareno huliita tunda hilo caju, jina walilolichukua kwa wenyeji wa Brazil. Leo mti huo umeshamiri katika mikoa ya Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga nchini Tanzania, na katika kaunti za pwani ya Kenya, hasa Kilifi na Kwale. Kwa wataalamu wa mimea, bibo lenye maji na harufu kali si tunda halisi bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni lile lenye ganda gumu la kijivu na umbo la figo linaloning'inia chini yake, na korosho inayoliwa ni mbegu iliyomo ndani ya ganda hilo. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe, na pia na mti unaozaa pistachio, undugu ambao si wa vitabuni tu, kama itakavyoonekana katika suala la mzio.

Kwa kipimo cha gramu 100, korosho zilizobanguliwa na ambazo hazijakaangwa huwa na kilokalori 553, mafuta gramu 44 hivi, wanga gramu 30, protini gramu 18 na nyuzinyuzi gramu tatu na ushei. Takwimu hizo ndizo zinazoandikwa nyuma ya pakiti, na ndizo zinazowatisha watu. Lakini kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wengi wa lishe ni kiganja kimoja kwa siku, yaani gramu 28 hadi 30, ambazo ni korosho nzima kati ya 15 na 20 kutegemea ukubwa wake. Kiganja hicho humpa mlaji kilokalori 157 kwa hesabu ya vitabu, protini gramu tano na mafuta gramu 12.

Madini ndiyo yanayoipa korosho heshima yake. Kinachoongoza ni shaba, madini ambayo husahaulika katika mazungumzo ya lishe ingawa mwili hauwezi kutumia chuma vizuri bila hayo, wala kujenga tishu zinazoshikanisha viungo na kuimarisha kuta za mishipa ya damu. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 0.9 za shaba kwa siku, na kiganja cha korosho humpatia miligramu 0.6, yaani theluthi mbili ya mahitaji yake. Vyakula vya kawaida vinavyoweza kushindana na kiwango hicho ni vichache, maini yakiwa mojawapo.

Magnesiamu inafuata. Kiganja kimoja kina miligramu 82 hivi, ilhali mwanamke huhitaji zaidi kidogo ya miligramu 300 na mwanamume takriban 400 kwa siku. Madini haya hushiriki katika mamia ya shughuli za kikemikali mwilini, zikiwamo kukaza na kulegeza misuli, kupeleka taarifa katika neva, kurekebisha sukari na kudhibiti shinikizo la damu. Mlo wa mjini uliojengwa juu ya ugali wa sembe, mkate mweupe na chipsi ni maskini wa magnesiamu, kwa sababu kukoboa nafaka huondoa kiini na pumba ambamo madini hayo hukaa. Hapo korosho ina kazi ya kweli ya kufanya.

Kwa upande wa zinki, inayohitajika katika kinga ya mwili na uponaji wa vidonda, kiganja hutoa miligramu 1.6. Chuma kilichomo ni miligramu 1.9, kiasi ambacho kwa mwanamke wa umri wa kuzaa ni kama sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya siku. Chuma cha mimea, hata hivyo, hufyonzwa kwa shida, kwani kemikali ziitwazo fitati zilizomo katika mbegu hukishika na kukizuia. Kula korosho pamoja na chungwa, embe au pera husaidia, kwa kuwa vitamini C hurahisisha ufyonzwaji huo, na kuteremshia kwa chai ya rangi hudhuru kwa sababu iliyo kinyume. Mtu aliyepungukiwa damu asiache dawa za hospitali kwa kutegemea korosho.

Yapo pia ambayo korosho haina. Haina vitamini A wala B12, vitamini C ni kama hakuna, na kalsiamu ni miligramu 37 tu kwa gramu 100. Hili la mwisho linafaa kuzingatiwa na wazazi walioanza kuwapa watoto maziwa ya korosho badala ya maziwa ya ng'ombe. Yale ya kutengenezwa nyumbani ni maji yenye korosho zilizosagwa, na jina la maziwa halibadilishi kilichomo ndani yake.

Suala la mafuta linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo lililoiharibia korosho jina. Mwezi Julai 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu pakiti za baadhi ya vyakula vya jamii ya karanga na lozi ziandikwe kwamba kula takriban gramu 42 kwa siku, ndani ya mlo wenye mafuta mgando kidogo, huenda kukapunguza hatari ya maradhi ya moyo. Karanga, lozi, jozi na pistachio ziliingia katika orodha hiyo. Korosho iliachwa nje. Kosa lake lilikuwa la hesabu: masharti yalitaka gramu 50 zisizidishe gramu nne za mafuta mgando, yaani yale yanayoganda kwenye baridi kama ya siagi, na korosho hucheza katika mpaka huo huo, zile zilizokaangwa zikiuvuka.

Uamuzi huo ulifuata kanuni zilizokuwapo, lakini haukuwa matokeo ya jaribio lolote lililoonyesha kwamba korosho inadhuru moyo. Zaidi ya nusu ya mafuta ya korosho ni ya aina ya oleiki, ile ile inayoyapa mafuta ya mzeituni sifa yake. Katika yale mafuta mgando yenyewe, zaidi ya theluthi ni ya aina iitwayo steariki, ambayo haipandishi lehemu katika damu kama zinavyofanya aina nyingine. Na kwa kuwa korosho ni zao la mmea, haina lehemu, yaani kolesteroli, hata chembe. Kinachostaajabisha ni kwamba mtu huyo huyo anayeikwepa korosho huweza kula wali wa nazi na maharage ya nazi kwa siku moja bila wasiwasi, wakati nyama ya nazi ina karibu gramu 30 za mafuta mgando kwa kila gramu 100, na korosho ina gramu nane.

Majaribio yaliyofanywa kwa watu yamekuja baadaye, na matokeo yake hayafanani. Mwaka 2017 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio ambalo watu wazima 51 walikula korosho kila siku kwa wiki nne, na katika kipindi kingine wakala chipsi za viazi za pakiti. Walipokuwa katika korosho, lehemu mbaya ilishuka kwa takriban asilimia tano. Mwaka uliofuata watafiti wa mji wa Chennai, India, walitoa taarifa ya wagonjwa 300 wa kisukari cha ukubwani, ambao nusu yao walipewa gramu 30 za korosho kwa siku kwa wiki 12. Lehemu nzuri ilipanda na shinikizo la juu la damu likashuka kidogo, huku uzito na sukari vikibaki pale pale. Lakini mwaka 2019 jaribio jingine la Marekani, lililowapa watu 42 gramu 42 za korosho kwa siku, halikuona badiliko la maana katika lehemu.

Msomaji makini atauliza nani aliyelipia tafiti hizo, na ni swali la haki, kwani baadhi yake ziligharimiwa na wenye biashara ya korosho. Aidha, kushinda chipsi za viazi si ushindi mkubwa. Ule utafiti maarufu wa Hispania ujulikanao kama PREDIMED, uliowafuatilia watu zaidi ya 7,000 na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya dosari zake kusahihishwa, ulionyesha kwamba waliokula mlo wa Mediterania pamoja na gramu 30 za jamii ya lozi na jozi kila siku walipata kiharusi na mshtuko wa moyo kwa kiwango cha chini zaidi, ila korosho haikuwamo katika mchanganyiko waliopewa. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni dogo kuliko yanayosemwa na wauzaji, lakini latosha: hakuna jaribio kati ya hayo lililoonyesha kwamba kiganja cha korosho kwa siku kinapandisha lehemu mbaya, na yapo yanayoonyesha nafuu kidogo. Nafuu hiyo huwa kubwa pale korosho inapochukua nafasi ya andazi, biskuti au soseji. Ikiongezwa tu juu ya vyote hivyo, haiwezi kutarajiwa kusaidia.

Kuhusu unene, wasiwasi una msingi, ila si mkubwa kama inavyodhaniwa. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima mwishoni mwa miaka ya 2010 nishati ambayo mwili huipata hasa kutoka katika korosho, wakakuta ni karibu asilimia 16 chini ya ile iliyokokotolewa kwa kanuni za zamani. Sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya chembe za mbegu ambazo meno hayakuzivunja, na hutoka na choo. Protini na mafuta hushibisha mapema pia. Hata hivyo, korosho ni chakula chepesi mkononi na kizito tumboni. Pakiti ya gramu 200, ambayo mtu anaweza kuimaliza akitazama mpira, ina kilokalori zaidi ya 900 hata baada ya punguzo hilo la kitaalamu kwa zile zilizoandikwa.

Chumvi ndiyo hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Korosho tupu ina miligramu 12 tu za sodiamu kwa gramu 100. Ikishakaangwa na kutiwa chumvi kiwandani, kiwango hicho huweza kupanda hadi miligramu 600 na zaidi, yaani mara 50. Hiyo ni sawa na gramu moja na nusu ya chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu tano kwa siku kutoka katika vyakula vyote, ikiwamo ile ya ugali, mboga na mchuzi. Shinikizo la damu halina hodi, na wengi walio nalo mijini hawajui. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, korosho ya chumvi humnyang'anya kwa mkono mmoja kile ambacho magnesiamu ingempa kwa mwingine. Zile za mitaani hazina maandishi ya kumwambia mnunuzi kiasi cha chumvi, wala kumwambia mafuta ya kukaangia yametumika mara ngapi. Dawa yake ni kununua zisizokaangwa na kuzibanika nyumbani kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, zikigeuzwa mara kwa mara hadi zipate rangi ya dhahabu.

Neno mbichi, linapotumika sokoni kwa korosho, lisichukuliwe neno kwa neno. Ganda la korosho limejaa utomvu mkali wenye asidi ya anakadiki na kadoli, kemikali zinazounguza ngozi, na ndiyo maana wabanguaji wa mkono hupaka mafuta au majivu vidoleni na bado hubaki na makovu. Korosho huchomwa au kupikwa kwa mvuke kwanza ndipo ibanguliwe. Kwamba jambo hili si hadithi kulithibitika Aprili 1982 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako watu zaidi ya 50 walitokwa na vipele baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji ambazo zilikuwa zimechanganyika na vipande vya maganda. Mnunuzi akikuta kipande cha ganda jeusi katika pakiti akitupe, na asijaribu kulivunja kwa meno ganda aliloliokota shambani kwa likizo.

Mzio ni suala jingine, na ndilo linaloweza kuua. Mtu mwenye mzio wa korosho huweza kuvimba midomo na koo, kutapika, kutokwa na mabaka na kushindwa kupumua ndani ya dakika chache, hata kwa kipande kidogo. Kwa sababu ya ule undugu wa miti, mwenye mzio wa korosho kwa kawaida huwa nao kwa pistachio pia, na halwa, aiskrimu na keki nyingi huwekwa mojawapo bila mlaji kuarifiwa. Mwenye kuona dalili hizo akimbizwe hospitali bila kusubiri zipungue. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe korosho nzima kwa sababu ya hatari ya kupaliwa. Zikisagwa laini na kuchanganywa na uji ni chakula kizuri kwao, mradi zianze kwa kiasi kidogo na mzazi aangalie. Wenye maradhi ya figo, na wale waliowahi kupata mawe ya figo yatokanayo na oksaleti, wamwulize daktari kwanza, kwani korosho ina fosforasi, potasiamu na oksaleti kwa wingi.

Katika simu za mikononi huzunguka madai mawili makubwa. La kwanza ni kwamba viganja viwili vya korosho ni sawa na kidonge cha kutibu sonona, kwa kuwa korosho ina triptofani, ambayo ubongo huitumia kutengeneza kemikali ya utulivu. Triptofani imo kweli, kama ilivyo katika mayai, kuku na maharage, lakini kutoka hapo hadi kwenye tiba ni mbali, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa ushauri huo anajiweka hatarini. La pili ni lile la nguvu za kiume, ambalo wachuuzi hulitangaza bila aibu. Hoja yao ni zinki. Upungufu mkubwa wa zinki huathiri uzazi, hilo ni sahihi, ila kumwongezea zinki mtu asiyepungukiwa hakumletei nguvu mpya, na tatizo hilo kwa wanaume wa makamo mara nyingi ni dalili ya mapema ya kisukari au mishipa ya moyo iliyoanza kuziba. Anayelitibu kwa kufunga korosho mfukoni huenda anachelewesha kipimo ambacho kingemwokoa.

Bei ni kikwazo ambacho makala za afya aghalabu hukipita kimya. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kilo 100 zenye maganda hutoa kilo 20 hadi 25 tu za korosho safi, kwa hiyo si ajabu iuzwe ghali hata mwendo wa saa chache kutoka shambani. Kuna njia ya kupunguza makali. Madaraja ya korosho hupangwa kwa ukubwa na ukamilifu wa umbo. Ile iitwayo 240 ina maana kwamba ratili moja ina korosho nzima zisizozidi 240, na 320 hivyo hivyo, na kadiri namba inavyopungua ndivyo korosho inavyokuwa kubwa na ghali. Vipande vilivyovunjika huuzwa kwa bei ya chini sana, na madini na protini zake hazipungui kwa kuvunjika. Kwa kuchanganya kwenye uji, kachumbari au mchuzi, kulipia korosho nzima ni kulipia sura.

Asiyeimudu kabisa asijione amekosa kitu kisicho na mbadala. Karanga, kwa bei iliyo sehemu ndogo ya ile ya korosho, ina protini gramu 26 na nyuzinyuzi gramu nane na nusu kwa gramu 100, ikiishinda korosho katika yote mawili, na iliingia katika ile orodha ya mwaka 2003. Inachozidiwa ni shaba, chuma na zinki. Udhaifu wake mkubwa ni sumukuvu, ambayo hushambulia karanga kwa urahisi zaidi kuliko korosho zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu, hivyo zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, wala zisifichwe katika kusagwa.

Bibo nalo lingestahili makala yake. Lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, yaani kile hasa ambacho korosho hukikosa, lakini huharibika ndani ya siku moja au mbili baada ya kuanguka, na hivyo huishia kuwa pombe au kuoza chini ya miti. Mkazi wa mjini hulipata kwa nadra, katika msimu unaoanza Oktoba, na akilipata ni vyema alinywe kama juisi siku hiyo hiyo, akikumbuka kwamba ukakasi wake hupungua ukitiwa chumvi kidogo na kuchujwa.

Korosho zenyewe huhitaji hifadhi nzuri, maana joto, hewa na mwanga huchachusha mafuta yake. Zikikaa katika chombo chenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, hudumu wiki kadhaa, na katika jokofu miezi kadhaa. Zile zinazoning'inizwa juani mchana kutwa katika mifuko myembamba ya plastiki kando ya barabara huwa zimeanza safari ya kuharibika kabla hazijanunuliwa, na mnunuzi anaweza kulitambua hilo kwa harufu ya rangi ya mafuta na ladha inayobaki ikiwasha nyuma ya ulimi.